Vituturi Ishirini na Viwili

Oda ilifika karakana Jumanne moja ya Agosti,
upepo wa Dodoma ukisukuma vumbi hadi kwenye meno ya msumeno:
vituturi vya kupigia kura, ishirini na viwili,
mbao za msonobari, miguu ya kukunjwa.
Afande Mhawi aliisoma mara mbili, akakunja karatasi.
"Humu mtu atasimama peke yake na Mungu wake.
Sitaki msumari unaochungulia."

Basi tukapima, tukakata, tukapiga randa.
Mimi, wa miaka miwili,
wa mifuko kumi na minne ya saruji ya Mtumba,
nilipewa kuta za pembeni,
zile za kukinga jicho la jirani.
Nilizipiga msasa hadi zikawa laini kama sikio la ndama.
Hakuna aliyeniagiza.

Mzee Ndahani wa gundi,
ambaye kifungo chake hakina tarehe ya mwisho,
aliingiza kichwa katikati ya mbao:
"Ukishaingia humu, unafanya nini hasa?"
Unapewa karatasi yenye picha, nikamwambia,
unaweka alama ya vema.
"Vema tu?"
Vema tu.
Alicheka hadi gundi ikaganda kwenye brashi.
"Mimi nimeandika rufaa kurasa arobaini,
kumbe wenzangu husikilizwa kwa vema!"

Polisi walinichovya wino vidole vyote kumi,
kimoja kimoja, kama watoto wanaoogeshwa.
Serikali inanijua hadi kwenye mikunjo ya ngozi.
Kila alfajiri tunachuchumaa, watano watano, tunahesabiwa;
kabla ya kufuli la jioni, tunahesabiwa;
akikohoa mmoja hesabu ikapotea, inaanza upya.
Nchi hii hakuna raia anayehesabiwa kama mimi.
Oktoba ikifika
nakuwa sifuri.

Nilimwambia afande hayo, tukivuta mbao kivulini.
Akafikiri. Si mtu mbaya.
"Aliyevunja sheria," akasema, "naye achague wa kuitunga?"
Sikuwa na jibu lililonyooka.
Saruji niliiba kweli. Kuna ukuta pale Mtumba
unadai kwangu.
Lakini mwanangu yuko darasa la watoto mia na tatu,
na bomba la Kizota hutoa upepo siku nne kwa wiki,
na hayo hayakusubiri nitoke.
Hakimu alisoma: miaka miwili, na kazi.
Nilisikiliza kwa makini, maana ni mimi aliyekuwa akinisoma.
Sikumsikia akisoma neno la tatu.

Usiku wa kuamkia kupakia,
Ndahani alilala chali chini ya kituturi cha mwisho
na penseli ya fundi,
akaweka vema moja, upande wa chini wa meza,
mahali pasipo na picha ya mtu yeyote.
Asubuhi Afande Mhawi akakipindua kukagua.
Aliona. Nilimwona akiona.
"Nilikataza misumari," akasema, akakirudisha.
Tukavibeba sisi wenyewe hadi kwenye lori.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye mizabibu, tunapalilia.
Barabarani watu walipita wamevaa nguo za kanisani.

Sechelela alikuja Jumapili iliyofuata,
kidole kidogo cha kushoto kimeiva wino.
Alikikunja aliponiona ninakitazama,
kama mtu aliyekula mbele ya mwenye njaa.
Kikunjue, nikamwambia, nikione.
Akakiweka kwenye wavu.
"Nilipapasa ubao," akasema, "nikajua mkono ni wako.
Nikakaa humo kuliko inavyotakiwa, msimamizi akakohoa."

Sikumuuliza alimchagua nani.
Ule ukuta niliujenga mimi.

Kengele ikalia. Alifika mlangoni, akageuka:
"Ila kilikuwa kinayumba kidogo, mguu wa nyuma."
"Ni sakafu ya shule," nikapaza sauti.
"Mguu niliupima!"